Nimeze dawa za presha au nimnyonyeshe mwanangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa wa Morogoro, nina umri wa miaka 31, na huyu niliyempakata ni mtoto wangu wa kwanza. Mimba ilikwenda vizuri hadi mwezi wa nane, ndipo kliniki walipogundua kwamba presha yangu imepanda na mkojo una protini. Nilianzishiwa metildopa na kuambiwa nihudhurie kila wiki. Katika wiki ya 37 presha ilifika 160 kwa 110, nikalazwa, nikachomwa sindano za kuzuia kifafa cha mimba, kisha nikaanzishiwa uchungu na kujifungua salama mtoto wa kike mwenye uzito wa kilo 2.6.

Kabla ya kuruhusiwa nilibadilishiwa dawa. Nilipewa nifedipini ya kumeza asubuhi na jioni, pamoja na enalaprili mara moja kwa siku. Muuguzi aliniambia ninyonyeshe kama kawaida, lakini wodi ilikuwa imejaa na hakupata nafasi ya kunieleza zaidi. Nilipofika nyumbani nilisoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la enalaprili na kukuta imeandikwa kwamba dawa hiyo haishauriwi kwa mama anayenyonyesha na kwamba mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia. Tangu siku hiyo sijatulia.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuja kunihudumia katika kipindi cha uzazi. Ananikanda, ananipikia mtori, anaamka nami usiku, kwa kweli sina ninachoweza kumlaumu. Yeye alizaa watoto saba, na mmoja alifariki akiwa na miezi miwili wakati mama huyu alipokuwa akimeza vidonge alivyopewa hospitalini baada ya kujifungua. Mpaka leo anaamini kwamba sumu ya vile vidonge ilipita kwenye maziwa. Alipoona boksi langu la dawa hakunigombeza. Alikaa kitandani akalia, na kulia kwake ndiko kulikonivunja nguvu kuliko maneno yoyote. Mume wangu anafanya kazi Dodoma na hurudi mwisho wa mwezi. Nilipompigia simu alisema, “Msikilize mama, amelea wengi.”

Nikaanza kupunguza. Asubuhi nameza, jioni naacha. Baadaye nikawa kila nikimeza nakamua maziwa na kuyamwaga kwa saa kadhaa, na usiku mtoto anapewa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Dawa za hospitali zilipoisha nilikwenda duka la dawa karibu na nyumbani, hawakuwa na nifedipini, wakanipa atenololi wakisema nayo ni ya presha. Niliimeza kwa siku chache, nikamwona mtoto analala kupita kawaida hadi inabidi nimwamshe ili anyonye. Niliogopa, nikaacha dawa zote.

Sasa mtoto ana wiki sita. Nilipompeleka zahanati kwa chanjo walinipima presha na kukuta 156 kwa 100, wakaniambia niende hospitali. Bado sijaenda, kwa sababu najua nitapewa dawa zilezile na nitarudi palepale. Sijisikii kuumwa, isipokuwa kichwa huuma kidogo jioni. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa na tatizo kama hili aliacha kunyonyesha, akamlea mwanawe kwa maziwa ya kopo. Je, nami nifanye hivyo? Au nivumilie bila dawa hadi mtoto afikishe miezi sita? Sitaki kumdhuru mwanangu kwa maziwa yangu mwenyewe, wala sitaki kumwacha yatima.

Mama wa mara ya kwanza, Morogoro

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa uzazi.

Barua yako ilikuwa na mambo mawili yasiyoweza kusubiri zamu ya kuchapishwa, ndiyo maana nilikuandikia faraghani siku ileile. Nayarudia hapa kwa ajili ya wasomaji walio katika hali kama yako. La kwanza ni kwamba mtoto mchanga anayelala hadi anashindwa kunyonya anapaswa kuonwa na mhudumu wa afya siku hiyohiyo, apimwe uzito, joto na mapigo ya moyo, na mama aende na boksi la dawa aliyokuwa akimeza. La pili ni kichwa chako hicho. Presha ya 156 kwa 100 kwa mwanamke aliyejifungua wiki sita zilizopita, tena aliyekuwa na dalili za kifafa cha mimba, inahitaji daktari ndani ya siku chache. Ikifika 160 kwa 110, au kichwa kikiuma kwa nguvu, ukiona nyotanyota au ukungu mbele ya macho, ukipata maumivu chini ya chembe cha moyo, kifua kikibana au pumzi ikikata, hapo ni dharura, na unakwenda hata kama ni usiku wa manane.

Baada ya hayo, tukae sasa tuzungumze kwa utulivu.

Nikikusoma vizuri, umejiona umesimama kati ya watu wawili unaowapenda. Upande mmoja kuna mtoto anayehitaji maziwa yako, na upande mwingine kuna mama mwenye kidonda cha zamani ambaye anakutunza kwa moyo wake wote. Katikati kuna kidonge, na kila unapokimeza unahisi kwamba unamchagua mmoja na kumsaliti mwingine. Hofu hiyo haina ujinga ndani yake. Umesoma karatasi, umemtazama mwanao, umeona mabadiliko na ukachukua hatua. Ila ningependa tuyachunguze pamoja baadhi ya mambo uliyoyachukulia kuwa yamekwisha thibitika.

Tuanze na ile karatasi. Makampuni yanayotengeneza dawa ni nadra sana kuzijaribu kwa wanawake wanaonyonyesha, na pasipo majaribio yao wenyewe huandika tahadhari ili wasije wakalaumiwa. Kwa hiyo maneno “haishauriwi” mara nyingi hayana maana kwamba kuna mtoto aliyeonekana kudhurika. Kuhusu ujauzito, katazo lile ni la kweli na zito: enalaprili na dawa za jamii yake huweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Lakini mtoto aliye tumboni hupata dawa moja kwa moja kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo, ilhali anayenyonya hupata kile kidogo tu kinachopenya kuingia kwenye maziwa. Kwa enalaprili kiasi hicho ni kidogo mno, na ndiyo maana mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2019 unaitaja kuwa miongoni mwa dawa za kwanza kwa mama aliyejifungua na anayenyonyesha, na kwa wanawake wenye asili ya Afrika unataja nifedipini. Dawa mbili ulizopewa siku ya kutoka hospitali ni hizohizo. Mwongozo huohuo unashauri metildopa isimamishwe ndani ya siku mbili baada ya kujifungua kwa sababu inaweza kuzidisha huzuni na msongo kwa mzazi, na huenda ndiyo sababu ulibadilishiwa, ingawa hakuna aliyepata nafasi ya kukuambia. Nasikitika kwamba hukuambiwa. Dakika tano za maelezo pale wodini zingekuepusha na mengi.

Dawa hupitaje kwenye maziwa? Sehemu kubwa ya dawa nyingi hushikwa na protini za damu, na kilichoshikwa hakipiti kwa urahisi. Kinachobaki huru ndicho kinachopenya. Wataalamu hukadiria kiasi anachopata mtoto kwa siku, wakakilinganisha na dozi ya mama kwa kuzingatia uzito wa kila mmoja, na kikiwa chini ya asilimia 10 dawa nyingi huhesabiwa kuwa zinakubalika kwa mtoto mwenye afya aliyetimiza miezi yake. Nifedipini, enalaprili, kaptoprili, labetaloli na hiyo metildopa zote ziko chini ya kiwango hicho, baadhi yake chini sana. Kwa mtoto aliyezaliwa njiti, au mwenye matatizo ya figo, madaktari huwa waangalifu zaidi, hasa kuhusu enalaprili na kaptoprili. Wako alizaliwa katika wiki ya 37, kwa hiyo hahesabiwi kuwa njiti, lakini ni vyema umtajie daktari umri huo wa mimba na ule uzito wa kilo 2.6.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye atenololi, na ninaomba wasomaji wote walizingatie hili. Dawa za presha hazifanani kwa sababu tu zimepangwa kwenye rafu moja. Atenololi haishikwi sana na protini za damu, hivyo hupita kwenye maziwa kwa wingi kuliko dawa nyingine za presha nilizotaja, na mwili huitoa kwa njia ya figo, ambazo kwa mtoto wa wiki chache bado hazijakomaa. Kumewahi kuripotiwa mtoto mchanga ambaye mapigo ya moyo yalipungua na mwili kupoa mama alipokuwa akiitumia, na ndiyo maana kwa mama wa mtoto mdogo kwa kawaida huchaguliwa nyingine. Wasiwasi uliokupata ulipomwona mwanao analala sana ulistahili kusikilizwa. Lakini usiharakishe kuhitimisha kwamba ni dawa pekee. Katika siku hizohizo ulikuwa ukimwaga maziwa na mtoto akipewa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, na mtoto asiyepata chakula cha kutosha naye hulegea na kulala. Maambukizi pia huanza hivyo. Ndiyo maana nilitaka apimwe, badala ya sisi kukisia.

Jambo jingine ulilolichukulia kuwa kweli ni kwamba kutojisikia kuumwa ni dalili ya unafuu. Presha ya baada ya kujifungua haina tabia hiyo. Mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati wengi wameshapewa ruhusa, na inaweza kubaki juu kwa wiki kadhaa bila mama kuhisi chochote, kisha ikaleta kiharusi au degedege pasipo kubisha hodi. Kwa wengi waliopandishwa presha na ujauzito hushuka ndani ya wiki 12. Isiposhuka kufikia hapo, daktari huangalia kama ni shinikizo la damu la kudumu. Maana yake ni kwamba dawa unazoziogopa huenda ukazihitaji kwa wiki chache tu zijazo. Sijui kama umewahi kulitazama jambo hili kwa kipimo hicho cha muda, lakini naona linabadilisha uzito wa mizani yako.

Sasa tuzitazame njia zilizo mbele yako, na kila moja tuiambie ukweli wake.

Ukichagua kuvumilia bila dawa hadi miezi sita, mtoto hatapata hata chembe ya dawa, hilo ni kweli. Lakini kwa presha uliyopimwa zahanati, hatari unayoibeba ni yako mwenyewe, na kupitia kwako ni yake. Katika njia zote ulizonitajia, hii ndiyo inayonikosesha usingizi, na nisingekutendea haki nikikuficha.

Ukichagua kuacha kunyonyesha, utameza dawa yoyote bila hofu ya maziwa, na mwalimu mwenzako aliyefanya hivyo hakufanya kosa; huenda alikuwa na sababu ambazo mimi na wewe hatuzijui. Ila maziwa ya kopo yanahitaji fedha kila wiki kwa miezi mingi, maji yaliyochemshwa, vyombo safi na vipimo sahihi mchana na usiku. Mtoto hukosa kinga inayotoka kwako dhidi ya kuhara na vichomi, na ukishaacha kwa muda si rahisi maziwa yarudi kama yalivyokuwa. Maziwa ya ng'ombe kwa mtoto wa umri huu, yawe na maji au bila maji, hayamfai. Utumbo na figo zake havijawa tayari. Ukiona njia hii ndiyo yako, iwe ni baada ya kuzungumza na daktari kuhusu dawa zinazokubalika, usije ukaacha ziwa kwa ajili ya vidonge ambavyo havikuhitaji hilo.

Njia ya kati uliyoijaribu, ya kukamua na kumwaga, inachosha na faida yake ni ndogo. Kiasi cha dawa kwenye maziwa hupanda na kushuka pamoja na kile kilicho kwenye damu. Damu ikipungukiwa dawa, na maziwa hupungukiwa vilevile bila kukamuliwa. Nifedipini ya kumeza mara mbili hutoa dawa polepole kutwa nzima, hivyo hakuna saa ambayo maziwa ni “masafi” na nyingine ni “machafu”. Ulichokuwa ukimwaga ni chakula cha mtoto, na kadiri unavyoruka kunyonyesha ndivyo na utengenezaji wa maziwa unavyopungua.

Njia inayobaki ni kurudi kwenye dawa ulizoandikiwa, au nyingine atakazochagua daktari akijua kwamba unanyonyesha, na kuendelea kunyonyesha huku mkimtazama mtoto kwa macho ya kliniki na si ya hofu. Hata hii ina masharti yake. Nifedipini inaweza kukuletea kichwa kuuma, uso kuwaka moto na miguu kuvimba. Ukizijua dalili hizo mapema hutazidhania kuwa ni sumu. Enalaprili inataka uwe na njia ya uhakika ya uzazi wa mpango, kwa sababu ya lile katazo la ujauzito. Kwa mama mwenye presha anayenyonyesha, vidonge vyenye homoni mbili havifai, maana vinaweza kupandisha presha na kupunguza maziwa, lakini kijiti, kitanzi na vidonge vya homoni moja ni mambo ya kuulizia kliniki. Dawa za kuongeza mkojo nazo kwa kawaida huepukwa, kwani zikitumika kwa wingi huweza kupunguza maziwa. Na hicho kichwa cha jioni usikitulize kwa diklofenaki au ibuprofeni za dukani, ambazo kwa mwenye presha zinaweza kuipandisha zaidi. Parasetamoli ndiyo ya kutangulizwa, baada ya kupima presha.

Mtoto anayeendelea vizuri hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, hukojoa mara sita au zaidi, huamka mwenyewe kudai ziwa, na mstari wa uzito wake kwenye kadi hupanda. Katika miezi hii ya mwanzo ongezeko la gramu 150 hadi 200 kwa wiki ni la kawaida. Akilegea, akakataa kunyonya, akipauka au mwili ukipoa, hilo ni la kupelekwa hospitali bila kujali unameza nini.

Nimemwacha mama mkwe hadi hapa, lakini sikumsahau. Mtoto wa miezi miwili katika miaka ile aliweza kuondoka kwa malaria, kichomi, kuhara au maambukizi ya damu, na hakuna anayeweza leo kujua ni nini kilichomchukua. Mama aliyebaki bila jawabu hutafuta alipokosea, akakuta vidonge. Nadhani amekibeba kitu hicho miaka mingi akiwa peke yake. Ninajiuliza kama anakuzuia usimeze kwa sababu anakumbuka, na kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumwambia kwamba huenda hakuwa na hatia. Je, ingewezekana umwombe akusindikize kliniki, umwache yeye mwenyewe amuulize daktari yale anayoyaogopa, na aone mtoto akipimwa kabla ya kuanza dawa na wiki moja baadaye? Anayeamka nawe usiku anaweza kuwa mtu wa kwanza kuona mtoto amebadilika, na jicho lake utalihitaji. Ukiona hilo ni gumu, basi muuguzi wa zahanati aliyekupima anaweza kuzungumza naye siku ya mahudhurio.

Na mume wako, aliposema “msikilize mama,” alikuwa ameambiwa nini hasa? Aliambiwa kwamba presha yako ni 156 kwa 100? Alielezwa maana yake? Kutoka Dodoma anasikia sauti tu, na pengine amekujibu kwa kile alichokisikia. Mtumie picha ya kadi yako na ya mtoto, umweleze ulichoandikiwa na unachokiogopa, kisha umwombe awe kwenye simu siku mtakapoonana na daktari.

Siku hiyo nenda na maboksi yote, hata lile la atenololi, pamoja na kadi zote mbili. Uliza ni dawa ipi inafaa ukiwa unanyonyesha, ni presha ipi mnayoitafuta, upimwe mara ngapi, utafanya nini dawa ikikosekana dukani, na lini itajaribiwa kupunguzwa. Omba wakuandikie majina ya dawa mbili ambazo duka linaweza kukupa badala ya nyingine bila kurudi kwao, na moja au mbili ambazo wasikupe. Mtajie pia daktari kama usingizi umekukimbia au huzuni haiondoki, kwa maana barua yako imebeba uchovu mwingi kuliko ulivyousema.

Utakaloamua, liamue ukiwa na majibu hayo mkononi. Niandikie tena ukitoka huko, na kama mama mkwe wako angependa kuandika yake kuhusu yule mtoto aliyeondoka, mwambie nitaisoma barua yake kwa heshima ileile niliyoisoma yako.